Mwongozo kamili: Kuandaa faili la madai ya saratani inayohusishwa na poda ya talki, kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Kila habari za fidia ya poda zinaposambaa kwenye simu, watu huja kuuliza. Wanakuja kina mama wagonjwa, mabinti waliofiwa na mama zao, waume walioachiwa watoto. Wanakuja na uchungu wa kweli, na wengi wanarudi bila msaada kwa sababu hawana hata karatasi moja inayoonyesha ni poda gani, ni saratani gani, na ni lini.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili wala daktari. Ninachoweza kukuelekeza ni kazi inayotangulia ofisi ya wakili: kuandaa faili ambalo wakili akilifungua atakaa alisome mpaka mwisho.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kama mgonjwa amelazwa sasa hivi, anza na hatua ya 3, zingine zitafuata. Na matibabu yasisubiri kesi hata kwa siku moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kauntabuku moja mpya, ya kazi hii tu
- Faili la kuhifadhia karatasi na bahasha kadhaa za kaki
- Simu yenye kamera
- Kitambulisho cha NIDA cha mgonjwa na cha ndugu anayemsaidia
- Kadi za hospitali zote, hata zilizochakaa, zenye namba ya faili la mgonjwa
- Kopo la poda, tupu au lenye poda, kama bado lipo
- Kadi za kliniki za watoto na vyeti vya shule (nitaeleza kwa nini)
- Majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioishi na mgonjwa
- Kama mgonjwa amefariki, cheti cha kifo

Usitupe chochote kwa kudhani hakina maana.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni saratani gani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mama anasema ana kansa ya kizazi, familia inasikia poda inaleta kansa ya kina mama, basi inaunganisha. Lakini saratani ya mlango wa kizazi, inayowashika wanawake wengi zaidi nchini kwetu, husababishwa na virusi vya HPV. Haimo katika madai ya poda.

Madai yanayosikilizwa mahakamani yanahusu hasa makundi mawili. La kwanza ni saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, pamoja na ya mirija ya uzazi na ya utando wa tumbo zilizo jamaa yake. La pili ni mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ambayo kisababishi chake kikuu kinachojulikana ni asbesto. Asbesto inaingia kwenye habari ya poda kwa sababu miamba ya talki na ya asbesto inaweza kukaa pamoja ardhini, na uchimbaji ukachanganya.

Chukua majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kilichokatwa mwilini kwa uchunguzi, kwenye ile karatasi ya maabara ya patholojia. Huandikwa kwa Kiingereza. Tafuta mahali panapotajwa kiungo. Ukikuta "ovary", "fallopian tube", "peritoneum" au "mesothelioma", endelea. Ukikuta "cervix", madai haya hayakuhusu, na nguvu zako zipeleke kwenye tiba. Kama huelewi, mwombe daktari anayekutibu akuandikie jina la ugonjwa kwenye kauntabuku yako kwa mkono wake.

Onyo. Usimshinikize daktari aandike kwamba poda ndiyo chanzo. Mwezi Julai 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka talki katika kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Lilisema ushahidi kwa wanyama unatosha, lakini kwa binadamu bado una mipaka. Daktari mwaminifu hawezi kuandika zaidi ya hapo, na barua iliyolazimishwa huua kesi siku ya maswali.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye jina kamili la saratani, aina ya seli, tarehe na saini.

## Hatua ya 2: Jua ndani ya kopo kulikuwa na nini

Si kila poda ni talki. Nyingine ni wanga wa mahindi, na wanga hauna madai. Geuza kopo usome viambato. "Talc" au "talcum" ni talki. "Corn starch" au "Zea mays" ni mahindi.

Tarehe ya kununua inabeba uzito hapa. Johnson & Johnson, kampuni inayoshitakiwa zaidi, iliacha kuuza poda ya mtoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, kisha ikaiondoa duniani kote mwaka 2023 na kubaki na ya wanga wa mahindi. Kwa hiyo kopo la mwaka jana la kampuni hiyo halithibitishi ulichopaka mwaka 1998. Poda za kampuni nyingine zichunguze moja moja. Usimbebeshe mmoja mzigo wa mwenzake.

Piga picha kopo pande zote: mbele, nyuma, chini, na kwenye kifuniko. Namba ya toleo ionekane, na jina la kiwanda, nchi ilikotengenezwa na jina la mwagizaji pia. Namba ya toleo si urembo. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliripoti chembe za asbesto katika kopo moja, na kampuni ikarudisha toleo hilo, makopo yapatayo 33,000. Kampuni ilisema vipimo vyake yenyewe havikukuta asbesto. Mabishano ya namna hiyo yote yalihusu toleo moja lenye namba yake.

Kopo lenye poda lifunge, lifute vumbi la nje tu, litie kwenye bahasha ya kaki, andika tarehe na aliyelihifadhi. Usilioshe, usihamishie poda kwenye chombo kingine, na asilitumie mtu mwingine.

Kopo likikosekana, usikate tamaa. Angalia picha za zamani: mtoto anaogeshwa kwenye beseni, kopo liko pembeni. Sanduku la shule la binti aliyekuwa bwenini nalo likaguliwe. Na Mangi aliyekuuzia kwa miaka mingi anaweza kukumbuka alikuwa anachukua mzigo kwa nani, soko la Mbuyuni au la Kilombero. Jina la msambazaji ni dhahabu kwa wakili wako, kwa sababu kesi ya hapa nyumbani inahitaji mtu wa kushitakiwa aliye hapa.

Umefaulu ukiwa na jina la poda, kiambato chake, na angalau ushahidi mmoja usiotoka kinywani mwako.

## Hatua ya 3: Omba rekodi za hospitali, na uzuie kinyama kisitupwe

Andika barua kwa mkurugenzi au mganga mfawidhi wa kila hospitali uliyopita. Njia ya wengi wetu huanzia Mawenzi au Mount Meru, inapanda KCMC, na wengine wanafika Ocean Road, Dar es Salaam. Kila kituo kina faili lake, na usitegemee kwamba kimoja kitakutafutia karatasi za kingine.

Barua iwe fupi. Taja jina, namba ya faili, tarehe za matibabu, na unachoomba: majibu ya patholojia, ripoti ya upasuaji, majibu ya picha za mionzi, muhtasari wa kuruhusiwa na orodha ya matibabu. Ambatisha nakala ya NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako, kwa hiyo unaomba kilicho chako. Omba kwa heshima. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo.

Sasa lile ambalo karibu kila mtu analisahau. Kinyama kilichokatwa hakiishii kwenye karatasi ya majibu. Maabara hukihifadhi ndani ya kipande cha nta, bloku, pamoja na vioo vya darubini. Bloku hizo hazikai milele, maabara ina utaratibu wake wa kuzitupa. Katika kesi za Marekani wataalamu wamechunguza tishu kwa darubini ya elektroni wakitafuta chembe za talki ndani yake. Bloku ikitupwa, mlango huo umefungwa na hakuna kiapo kitakachoufungua.

Ongeza basi mstari huu kwenye barua: "Naomba bloku na vioo vya sampuli yangu vihifadhiwe, visiharibiwe bila kunijulisha kwa maandishi." Usiombe upewe uende navyo nyumbani. Vikikaa mikononi mwako, mpinzani atauliza nani alivigusa, na jibu huna.

Usimpe mtu kitu chochote ili akutolee faili kwa mlango wa nyuma. Rekodi isiyo na mhuri haina kazi, na umeshamweka mtumishi huyo na wewe mwenyewe hatarini.

Umefaulu ukiwa na nakala za barua zenye mhuri wa kupokelewa, rekodi zilizothibitishwa, na jibu la maabara kuhusu bloku.

## Hatua ya 4: Andika historia ya matumizi

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote. Ipe wiki nzima, na ukae na mgonjwa wakati ana nguvu, asubuhi kwa wengi.

"Nilitumia poda tangu utoto" haitoshi. Wakili atauliza: ulipaka wapi mwilini? Mara ngapi kwa siku? Kuanzia mwaka gani hadi upi? Kopo moja lilikaa muda gani? Kwa saratani ya ovari, swali kuu ni kama poda ilipakwa sehemu za siri, kwenye chupi au kwenye pedi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia maelfu ya dada za wanawake wenye saratani ya matiti, ulikuta uhusiano na saratani ya ovari hasa kwa waliotumia mara kwa mara na kwa miaka mingi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020, wa wanawake zaidi ya 250,000, haukuona uhusiano ulio wazi kitakwimu. Pande zote mbili zitaletwa mezani, ndiyo maana wingi na miaka ya matumizi yako lazima vieleweke.

Kwa mesothelioma swali ni la pumzi. Nani alikuwa akivuta vumbi lile? Mama aliyepaka watoto sita. Kinyozi aliyefuta shingo za wateja kwa brashi ya poda kutwa nzima katika kibanda kisicho na dirisha. Huyo kinyozi husahaulika, na mimi naona anastahili kuulizwa wa kwanza. Aeleze pia kama amewahi kuezua mabati ya asbesto, kutengeneza breki za magari au kufanya kazi kiwandani, maana mpinzani atayauliza hayo yote.

Tarehe zikimpotea, usimwachie kichwa chake peke yake. Tumia nyaraka. Kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza inatoa mwaka wa kuanza kununua poda ya mtoto. Cheti cha kidato cha nne kinatoa miaka ya bweni. Mwaka wa kuhamia Sakina au Majengo, mwaka wa ndoa, mwaka duka fulani lilipofungwa, vyote ni vigingi vya kufungia kumbukumbu. Andika mwaka, nyaraka inayouthibitisha, kisha matumizi.

Mambo haya mama wengi hawawezi kuyasema mbele ya mwanaume wala mbele ya mkwe. Aandike dada yake, shangazi, au binti mkubwa, mlango ukiwa umefungwa. Msimharakishe. Akisema "hapo sikumbuki", andikeni "sikumbuki".

Andikeni pia yasiyowapendeza: kama kuna saratani ya ovari au ya matiti kwenye ukoo, umri, idadi ya mimba, dawa za homoni, na kama aliwahi kufungwa mirija. Saratani ya ovari ina vyanzo vingi. Johnson & Johnson inakana kwamba poda yake inaleta saratani na kwamba ina asbesto, na mawakili wake watapita humo humo. Wakili wako akiyajua mapema atajiandaa. Akiyasikia mahakamani kwa mara ya kwanza, umempiga ngwala mwenyewe.

Kisha mashahidi. Dada wa kazi wa zamani, mwenzake wa bwenini, mpangaji mwenza. Kila mmoja aandike peke yake alichokiona kwa macho, bila kusomewa cha mwenzake. Taarifa tatu zenye maneno yaleyale zinanuka kupangwa.

Maelezo ya mgonjwa yakikamilika, yapelekeni kwa kamishna wa viapo yawe hati ya kiapo. Kiswahili kinatosha kabisa. Tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama zetu. Kama hawezi kutoka kitandani, kamishna anaweza kuombwa amfuate. Fanyeni hivyo akiwa na ufahamu wake kamili, maana kiapo hakiapwi kwa niaba.

Umefaulu ukiwa na ratiba ya miaka ambayo mgeni anaweza kuisoma na kuelewa, kiapo kilichosainiwa, na taarifa za mashahidi wawili.

## Hatua ya 5: Poda ilinunuliwa na kutumika wapi?

Swali hili linaamua mlango wa kubisha.

Ilinunuliwa na kutumika Tanzania. Tarajia madai kuwa ya hapa, dhidi ya mtengenezaji, mwagizaji au msambazaji. Majaji wa Marekani wana mamlaka ya kukataa kesi ya mgeni na kumwambia akashitaki kwao, kwenye mashahidi na hospitali. Hata raia wao wamebanwa. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama huko St. Louis liliwapa wanawake 22 dola bilioni 4.69. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikazishusha hadi takriban bilioni 2.1, sababu mojawapo ikiwa baadhi yao hawakuwa na uhusiano wa kutosha na jimbo la Missouri. Kama wa jimbo la jirani alizuiwa, wa Himo asiahidiwe kirahisi.

Sambamba na wakili, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Poda ikiwa bado iko madukani na una shaka nayo, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye dhamana ya vipodozi tangu 2019, na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. TBS haitakulipa fidia. Inaweza kupima na kuondoa bidhaa sokoni, na ripoti yake ina uzito.

Uliishi Marekani au Uingereza ukaitumia huko. Hapo una hoja ya kupeleka huko. Kesi za shirikisho za Marekani zimekusanywa New Jersey, na Oktoba 2025 madai ya watu wapatao 3,000 yalifunguliwa Mahakama Kuu ya London. Tafuta viza, pasipoti ya zamani, mkataba wa nyumba, risiti.

Ililetwa na ndugu kwenye begi. Andika nani, kutoka mji gani, miaka gani. Usiamue mwenyewe kwamba inafaa au haifai, mwachie wakili.

## Hatua ya 6: Hesabu muda leo

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya madhara ya aina hii yana miaka 3, na ya mkataba miaka 6. Lini saa ilianza kuhesabu ni jambo la wakili kubishania. Wewe chukulia kwa tahadhari kwamba ilianza siku ya majibu ya kwanza, na ukimbie. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3 tangu ulipojua. Marekani kila jimbo lina lake, mengi miaka 2 au 3.

Hata kama unaona muda umepita, nenda bado. Andika tarehe ya majibu kwa herufi kubwa juu ya faili.

## Hatua ya 7: Mfikie wakili, mkwepe kishoka

Wakili wa kweli ana jina kwenye orodha ya mawakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili wa kulihakiki, na Chama cha Mawakili wa Tanganyika kina matawi Arusha na Kilimanjaro. Hakiki kabla ya kukaa kwenye kiti, na usimwonee haya yeyote kwa kuuliza.

Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako. Moshi kuna shirika la KWIECO, ambalo limewasaidia wanawake wa Kilimanjaro kwa miaka mingi. Kesi ya namna hii ni nzito kwa shirika la msaada, lakini watakusomea faili na kukuelekeza.

Kaa macho na vishoka wa kwenye simu. Atakwambia kuna mfuko wa fidia uliokwisha tengwa Marekani, jina lako linasubiriwa, tuma "ada ya fomu". Ni uongo. Mpango wa kulipa mabilioni ya dola kwa madai ya saratani ya ovari kupitia ufilisi wa Red River Talc, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, ulikataliwa na jaji wa Houston tarehe 31 Machi 2025. Kampuni za mawakili wa Marekani zinazoshika kesi hizi kwa kawaida hazidai pesa mwanzoni. Hukata sehemu ya ushindi, mara nyingi theluthi moja au zaidi. Anayeomba pesa ya usajili, namba ya siri, au NIDA yako halisi, mkatie simu.

Siku ya kukutana beba nakala, si nyaraka halisi. Uliza mambo manne na uandike majibu: nani atashitakiwa, mahakama ipi, gharama nani anabeba tukishindwa, na mwisho wa muda ni lini. Makubaliano yawe ya maandishi, usisaini siku ileile.

Umefaulu ukiondoka na risiti au barua inayoonyesha nyaraka zako zimepokelewa, na tarehe ya kujibiwa.

Akikataa kesi, mwombe aandike sababu. "Hakuna uthibitisho wa poda" inakurudisha hatua ya 2. "Muda umepita" inahitaji wakili wa pili haraka, wiki hiyohiyo.

## Kama mgonjwa ameshafariki

Mjane au mtoto hawezi kufungua madai ya marehemu kwa kuwa tu ni ndugu. Anahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Anzeni na kikao cha ukoo na muhtasari wake wenye saini, cheti cha kifo kutoka RITA, kisha maombi mahakamani. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu miaka haisimami wakati ukoo unabishana nani awe msimamizi.

Barua ya kuhifadhi bloku, hata hivyo, pelekeni maabara wiki hii, pamoja na nakala ya cheti cha kifo. Barua nyingine ya kuomba rekodi zenyewe itafuata msimamizi akishateuliwa.